Njia Aliyoizunguka Dada Redio

Madereva wa mgodi ule walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mtu aliajiriwa leo, kesho akapandishwa kwenye lori ambalo tairi lake lilikuwa refu kupita mlango wa nyumba yake, na wa kwanza kumkaribisha kazini alikuwa mwanamke asiyeonekana: "Lori la tisa, karibu sana. Eskaveta ya pili inakungoja. Pita juu, chini kuna tope." Basi wakamwita Dada Redio. Wapo walioacha kazi bila kumtia machoni hata siku moja, na siku walipomsikia dukani akiagiza sabuni, waligeuka kwa mshtuko, mmoja wao akajibu "Nimekupata!" mbele ya watu kana kwamba yuko redioni.

Kazi yake ilikuwa kuongoza malori. Mgodi wenyewe ulikuwa shimo la wazi, pana kiasi kwamba ukisimama ukingo huu humtambui aliyesimama ule mwingine. Chini kulikuwa na eskaveta nne zinazochota mawe, na malori ishirini na nane yalizunguka kutwa nzima kuyabeba. Mawe yenye madini yalikwenda kwenye mtambo wa kusaga, na kifusi kikaenda kumwagwa. Lazima awepo mtu wa kuamua lori lipi liende eskaveta ipi na lipite njia gani, ili eskaveta isikae bure wala malori yasipange foleni kama wanaosubiri maji ya bomba. Dada Redio alianza na ubao wa ukutani wenye sumaku za rangi. Baadaye walimletea kompyuta, lakini kompyuta ilimwonyesha tu malori yalipo. Kuamua aliamua mwenyewe, na aliamua haraka, huku anapuliza chai.

Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili, na tangu hapo alikuwa mkono wa kulia wa mama yake. Alimlea mdogo wake wa kiume, akamfulia, akamkemea, akamsomesha. Kijana alipomaliza shule, dada mtu ndiye aliyekwenda kugonga milango ya wakubwa mpaka akamtafutia nafasi kwa wapimaji ardhi. Kijana akashika fimbo ya kupimia, akapanda na kushuka na pikapu yao, na wenzake wakamwita Kipimo. Alikuwa mcheshi asiyechukulia jambo kwa uzito. Kila alipoingia shimoni alichukua redio na kusema, "Kituo, mdogo wako yuko ndani, usinimwagie mawe." Ilikuwa kinyume cha sheria za redioni. Dada yake alimkaripia kila mara, na kila mara alimkaripia akitabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kiangazi. Boza la kumwagia maji barabarani lilikuwa limeharibika na vumbi lilikuwa zito. Eskaveta ya tatu ilikaa bila lori, opereta wake akalalamika, na Dada Redio akalielekeza lori namba ishirini na mbili, tupu, lishuke kwa Mteremko Mwekundu, njia ya mkato iliyopewa jina kwa sababu ya udongo wake. Dereva alikuwa mtu mzima mmoja aliyeitwa Polepole, kwa kuwa hakuwahi kukimbiza gari maishani mwake. Chini ya kona, pikapu ya wapimaji ilikuwa imesimama, Kipimo akiwa ndani. Dereva wa lori la namna ile anakaa juu kama aliye ghorofani, na kilicho chini ya pua ya gari hakioni. Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri. Polepole alisema redioni, "Kituo, nimekanyaga kitu."

Kamati ilikaa siku nane. Ikaandika kwamba kijiti cha bendera ya pikapu kilikuwa kimevunjika, vumbi lilizidi, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Dada Redio alirudi kazini siku ya kumi na mbili, akajikaza kisabuni, akavaa vipokea sauti na kusema, "Lori la tisa, karibu."

Tangu siku hiyo, ilipokaribia saa kumi kasorobo, hakuna lori lililopitishwa Mteremko Mwekundu. Alilizungusha kwa njia ya kaskazini, dakika nne zaidi, na daima alikuwa na sababu: kuna tope, kuna jiwe, grida inasawazisha barabara. Na lori la ishirini na mbili hakulipitisha pale saa yoyote. Alikuwa akimwonea huruma Polepole. Hakutaka macho ya mzee yapaone tena. Jambo hili hakumwambia mtu. Ni kama hata nafsi yake hakuiambia. Mkono ulifanya, yeye akaendelea na chai yake. Ikapita miaka tisa.

Ndipo ukaja mfumo.

Wageni walikaa miezi saba wakifunga vifaa kwenye malori: macho ya kamera puani, masanduku juu ya paa, na nyaya kila mahali. Mwisho madereva wakashushwa. Baadhi walilipwa wakaenda zao, baadhi wakafundishwa ufundi. Polepole alipelekwa karakana ya matairi. Dada Redio walimwacha pale pale kwenye kiti chake, ila sasa kazi yake ilikuwa kutazama. Aliachiwa ufunguo wake wa siri, tarakimu sita za kuandika kwenye kompyuta, wa kuingilia kati endapo patatokea hatari.

"Utapumzika sasa, dada," alisema injinia wa mfumo, kijana mpole mwenye miwani minene ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani. "Na usidhani tumekutupa. Mfumo huu umefundishwa kwa kumbukumbu zako. Maamuzi yako ya miaka kumi, yote. Umesoma kwako."

"Umesoma nini kwangu?"

"Jinsi unavyofikiri."

Alicheka kwa adabu, lakini ile kauli haikumshuka.

Siku ya kwanza alisimama dirishani akayatazama yakishuka. Viti vya madereva vilikuwa vimeachwa ndani, vimefunikwa nailoni, na usukani ulizunguka wenyewe, ukakata kona, ukajinyoosha. Kabla ya kuondoka, kila lori lilipiga honi mara mbili, kama lilivyopangiwa, japo barabarani hakukuwa na wa kuisikia. Redio ilikaa kimya. Miaka kumi na tisa chumba kile kilijaa vicheko, matusi ya kirafiki, na watu wakiulizana matokeo ya mpira. Sasa kiyoyozi tu ndicho kilichosikika.

Alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Lori la tano lilikuwa limemaliza kumwaga, akawaza: hili alipeleke eskaveta ya kwanza. Kabla hajamaliza kuwaza, lori likaandikiwa eskaveta ya kwanza. La kumi na tatu, akawaza, lingoje kidogo pale juu. Likangoja. Alikaa saa nzima akijaribu kuuwahi mfumo, hakuuwahi hata mara moja. Ulikuwa ukiamua kama yeye, ila mapema kidogo. Aliona hata tabia ambazo hakujua anazo: kwamba eskaveta ya nne huwa anaipunja, kwamba lori la saba huwa analipendelea barabara nzuri. Dereva wa la saba aliwahi kumposa, zamani. Alihisi uso ukimwaka moto, akaangalia nyuma kama kuna mtu aliyemwona.

Saa kumi kasorobo ilipokaribia, malori matatu yaliyokuwa yakielekea Mteremko Mwekundu yalipunguza mwendo. Moja baada ya jingine yakageuka, yakashika njia ya kaskazini. La ishirini na mbili halikuwa limekaribia hata kidogo. Tangu asubuhi lilikuwa limezunguka kwa mbali, kama mtu mwenye aibu anayepita nyuma ya nyumba za watu. Alishika kikombe, akakuta kina baridi, na hakukumbuka kukiacha.

Wiki ya pili Miwani alivuta kiti akakaa karibu naye, karatasi mkononi.

"Dada, nisaidie. Kuna kitu kinaninyima usingizi. Kila siku kwenye saa kumi hivi, malori yote yanakwepa Mteremko Mwekundu. Dakika ishirini tu, halafu yanarudi. Na lori moja halipiti kabisa. Nimetafuta sheria iliyoandikwa, hakuna. Haimo kwenye mfumo. Ila mfumo unaifuata."

"Labda kuna tope."

"Kiangazi hiki?"

"Basi sijui, mdogo wangu," alisema, na aliposikia alivyomwita, akageukia kioo cha kompyuta.

Miwani alimtazama kidogo. Alikuwa mgeni, hakujua habari za zamani. "Nitaifuta," alisema. "Lakini ningependa kujua ninachofuta."

Jioni ile Dada Redio hakupanda gari la wafanyakazi. Alikwenda karakana ya matairi. Alimkuta Polepole ameketi juu ya rimu iliyolala, anafuta mikono kwa tambara. Tangu msiba walikuwa wameongea kila siku ya kazi kwa miaka tisa, "ishirini na mbili nenda huku, ishirini na mbili rudi", lakini ana kwa ana hawakuwahi kukaa. Mzee alisimama haraka, akavua helmeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kituo," alisema, kisha akajirekebisha: "Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alimweleza. Alimweleza yote, tangu siku ya kumi na mbili mpaka karatasi ya Miwani, na alivyofanya kwa kumhurumia yeye. Mzee alisikiliza akikunja tambara, akilikunjua.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Mwezi wa kwanza tu nilijua. Wenzangu wote wanapita Mwekundu, mimi sipitishwi. Mvua, jua, sipitishwi."

"Nilidhani nakusaidia."

"Mimi nilidhani unaniona muuaji. Kwamba hutaki nikanyage pale mdogo wako alipolala." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za tairi. "Kila asubuhi nilipanda lori nikisema, leo atanipeleka. Akinipeleka nitajua amenisamehe. Nilipanga nikifika nisimame, nishuke, nimwombe kijana radhi. Sasa kwenda bila kutumwa nisingeweza, kazi ni kazi. Wakatushusha kwenye magari, nikasema basi, imepita hiyo."

Nje honi ilipigwa mara mbili, lori likaanza kuondoka.

Kesho yake alimwambia Miwani. Hakulia. Alisema kwa sauti ileile ya redioni, saa, mahali, namba ya lori, na kijana akaandika mwanzo, kisha akaacha kuandika, akaondoa miwani yake na kuishika.

"Kumbe umeufundisha hilo," alisema taratibu.

"Lifute."

"Una uhakika?"

"Futa. Ila siku ya kwanza lile la ishirini na mbili likipita, nataka niwepo pale. Na mzee wa matairi awepo."

Bosi wa zamu alisitasita, mwishowe akaridhia. Miwani aliwashusha shimoni kwa pikapu, wote watatu wakiwa na fulana za kung'aa na helmeti. Wakaegesha ndani ya sehemu ya usalama, nyuma ya tuta la udongo lililo refu kumzidi mtu. Palikuwa kimya. Udongo ulikuwa mwekundu kama matofali mabichi, na Dada Redio, aliyeijua njia ile kwa miaka kumi na tisa katika ramani, aligundua kwamba miguu yake haijawahi kuikanyaga. Alikuwa akidhani ni pana zaidi.

"Linakuja," alisema Miwani, macho kwenye kishikwambi chake. "Litapita mwendo wa kawaida. Tuko mbali ya kutosha, halitujali."

Waliusikia mngurumo kabla ya kuliona. Likatokea kwenye kona, tupu, pana kama nyumba, nailoni ikipepea kwenye kiti. Lilishuka kwa utulivu. Lilipofika sawa na tuta, likapunguza. Likasimama.

Vumbi lililokuwa likilifuata lilitangulia mbele, likatulia.

"Mbona limesimama?" aliuliza Dada Redio.

"Limetuona, nadhani." Miwani alikuwa akigusagusa kioo. "Likihisi watu linasimama. Lakini hapa tulipo... Ngoja. Kwa hesabu zangu lisingetuona."

Polepole alivua helmeti. Alitoka hatua mbili, Miwani akamshika mkono, mzee akasimama hapo hapo. Alilitazama lile lori alilolikalia miaka kumi na mitano, na kile kiti, kisha akainama kuelekea ule udongo wa chini ya kona. Akamwomba kijana radhi kwa sauti ya chini. Alipoinuka alimgeukia Dada Redio.

"Pole, mwanangu," alisema. "Sijawahi kukwambia. Pole sana."

"Nimepoa, mzee. Nawe pole."

Lori likapiga honi mara mbili, likaondoka. Walisimama pale mpaka ukungu wa vumbi ukaisha. Miwani aliendelea kuhesabu umbali katika kishikwambi chake njia nzima ya kurudi, na hakusema amepata ngapi.

Mtu angedhani yameisha. Dada Redio mwenyewe alidhani hivyo. Alilala usingizi mzito usiku ule na uliofuata. Wiki tatu baadaye Miwani alimwita kwenye chumba kidogo cha mikutano, akafunga mlango.

"Malori yameanza tena kukwepa Mwekundu," alisema. "Saa ileile."

"Si ulifuta?"

"Nilifuta. Nimekagua, imefutika. Mfumo unaendelea kujifunza, dada, ukiona mtu anaingilia kati mara kwa mara unamwiga. Kuna mtu ameingilia mara kumi na moja."

"Nani?"

Kijana alisukuma karatasi mezani. Mistari kumi na moja, tarehe kumi na moja, na pembeni ya kila mstari namba ya ufunguo wa siri. Ilikuwa yake.

"Mimi sijagusa," alisema. "Nakuapia."

"Nakuamini. Ndiyo maana nimeomba picha za kamera ya ukutani." Aligeuza kompyuta. "Kama hutaki kuona, sema."

Aliona. Alijiona amekaa kwenye kiti chake, uso umegeukia dirishani, anatazama nje kama mtu asiye na haraka. Saa ya ukutani ilionyesha dakika moja kabla ya kumi kasorobo. Mkono wake wa kulia ukainuka peke yake, ukaenda kwenye kibodi, ukaandika ufunguo wa tarakimu sita bila kukosea, ukabonyeza, ukarudi mapajani. Uso haukugeuka. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikichezacheza. Picha hazikuwa na sauti, lakini maneno aliyajua. Alikuwa ameyasema mara zisizo na idadi. *Ishirini na mbili, pita juu. Pita juu.*

Mwanamke yule kwenye picha alipepesa macho, akavuta kikombe, akanywa chai.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Miwani aliuliza kwa sauti ya chini.

Alichomoa kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya karatasi. "Funga ufunguo wangu leo," alisema. "Sasa hivi, nikiwa hapa naona."

Walimpa likizo ya mwezi mmoja, na daktari wa mgodi akamwandikia mapumziko na maongezi na mshauri, ambayo alihudhuria na yalimsaidia kiasi. Siku ya kwanza ya likizo ile alikuwa nyumbani mchana wa kazi kwa mara ya kwanza tangu asijue lini. Mama yake, ambaye alishona sare za shule kwa ajili ya majirani, alikuwa chumba cha pili na cherehani yake ikinguruma. Alasiri, cherehani ikanyamaza. Dada Redio alisubiri iendelee. Haikuendelea. Alitazama saa yake, ilikuwa kumi kasorobo, akainuka mbio.

Mama alikuwa ameketi tu, mikono juu ya kitambaa, anatazama ukuta.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Huwa nasimama kidogo saa hii."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa kazini, ungejuaje?" Alimtazama binti yake mlangoni, akasogea kwenye benchi. "Njoo ukae, basi. Ni dakika chache tu."

Alikaa. Ndipo naye akamwambia mama yake mambo ya njia ya kaskazini, na ya mkono. Mama hakushangaa. Aliuchukua ule mkono wa kulia, akauweka mapajani mwake na kuufunika na wake, kama anayemshika kuku asiruke. Walipomaliza, mama alikanyaga tena cherehani.

Likizo ilipokwisha aliomba stoo ya vifaa, akapewa. Hutoa glavu, buti na taa za kichwani kwa dirisha dogo. Watu wakisikia sauti yake hutabasamu. Wapya hawajui kwa nini. Polepole alistaafu mwaka uliofuata, na hadi leo hupita Jumamosi kulalamikia magoti yake na mpira.

Mwaka huohuo shimo lilipanuliwa. Mteremko Mwekundu ulikuwa juu ya mawe yenye madini, kwa hiyo ulilipuliwa na kuchotwa wote, kona, tuta na udongo wake, na malori yakaubeba vipande vipande wiki nne mfululizo. La ishirini na mbili nalo lilibeba. Kona ile sasa ni hewa tupu, ghorofa nyingi juu ya kina cha shimo, hakuna njia inayoweza kufika. Miwani ndiye aliyemletea habari dirishani. Alisema pia, akishusha sauti, kwamba kwenye ramani ya mfumo malori bado yanapunguza mwendo kidogo yakipita chini ya mahali pale, ile saa, na kwamba safari hii hajapata sababu, na ameamua kutoitafuta.

"Unataka glavu namba ngapi?" Dada Redio alimuuliza.

"Tisa."

Akamhesabia jozi mbili, akamsukumia daftari asaini.